Kwenda kuichoma baridi

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 2024, saa kumi na mbili kamili jioni, kengele za kanisa ziligonga mjini Zürich na hakuna kilichowaka.

Tulikuwa tumejazana kando ya ziwa, kwenye uwanja wa Sechseläutenplatz, shingo juu, tukimtazama mtu wa theluji aliyesimama kileleni mwa lundo la kuni lenye urefu wa mita 10. Anaitwa Böögg. Amevishwa pamba kwa nje, tumboni amejazwa nyuzi za mbao, na kichwani amejazwa baruti. Kazi aliyoumbiwa ni moja tu, kuchomwa. Kila mwaka mwezi wa Aprili anatiwa moto, watu wanashika saa, na kichwa kikilipuka hesabu inafungwa. Kikilipuka mapema, majira ya joto yatakuwa mazuri. Kikichelewa, weka mwavuli karibu. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali mno, wakubwa wa sherehe wakaogopa cheche kuwarukia watu, moto ukafutwa. Pembeni yangu alikuwapo bibi mmoja aliyevaa kofia ya sufu. Alifunga zipu ya koti lake mpaka kidevuni akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu, kwamba basi baridi haiondoki.

Nilicheka kimoyomoyo. Mimi ni mhandisi, kazi yangu ni lifti, na lifti haipandi kwa utabiri. Wiki ileile baridi ilirudi, nikalitoa tena kabatini koti nililokwisha kulikunja.

Kwa Mswahili jambo hili linahitaji kuelezwa tangu mwanzo, maana hata jina lake hatuna. Tuna masika, tuna kipupwe, tuna vuli na kiangazi, tuna kaskazi na kusi. Msimu huu wa Wazungu unaoanza Machi tumeutafsiri vitabuni kuwa majira ya kuchipua, na kwetu Unguja sijamsikia mtu akilisema neno hilo barazani. Kichipue nini, wakati hakuna kilichoacha kuota? Huku Uswisi ndipo nilipolielewa. Miti inakuwa mifupa miezi mitano. Unakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Jirani wa ghorofa moja nawe unamwona akiwa buti, skafu na macho mawili. Kisha siku moja jua linatua kwenye meza ya nje ya mkahawa, na jirani yuleyule amekaa hapo, uso wazi kama kobe aliyetoa kichwa, anakusalimu kwa jina. Kumbe alikuwa analijua!

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mtu wa kazi na nyumbani. Mshahara ukiingia, nusu inakwenda Zanzibar, iliyobaki inaliwa na kodi ya nyumba na bima. Jumamosi nalala, Jumapili maduka yamefungwa, na kelele haziruhusiwi. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa Basel, ndiye aliyenitikisa. Aliniambia kwamba nimekuja kuishi katika nchi hii kama mtu anayeishi ndani ya lifti, napanda na kushuka tu. Kwa hiyo mwaka 2025 nikaamua kuufuata msimu kama wanavyoufuata wenyewe, tangu giza la Basel mpaka moto wa Zürich, na katikati nipande mlima nikateleze.

Basel ikaangukia Ramadhani.

Sherehe yao inaitwa Fasnacht, na huanza Jumatatu inayofuata Jumatano ya Majivu, saa kumi alfajiri, si dakika moja kabla. Mwaka huo ilikuwa tarehe 10 Machi. Kwa Muislamu saa kumi ya mwezi wa Ramadhani haihitaji kengele, ni saa ya daku. Nikamwambia mwenzangu, mimi nitakuwa macho hata hivyo. Nikapanda moja ya treni za ziada zinazotoka Zürich usiku wa manane, behewa zima limejaa watu wazima wenye vyakula kwenye mifuko, kimya kama wanakwenda mazikoni.

Katikati ya mji wa kale tulisimama bega kwa bega kwenye vichochoro vya mawe. Zilipobaki dakika chache, hata minong'ono ilikatika. Kengele zikagonga mara nne na taa zote za barabarani zikazimika kwa pamoja, manispaa ndiyo inayozizima. Nilikuwa sijaona giza la namna ile tangu nije Ulaya. Giza la Makunduchi kwa mama yangu umeme unapokatika, hilo hasa. Ndani ya giza hilo ikatoka amri moja, na mji mzima ukaanza kupiga ngoma na filimbi.

Ngoma zao ni za kijeshi, zina mrindimo mkavu, na filimbi ni zile ndogo zenye sauti kali inayopenya mpaka kwenye meno. Vikundi vyote huanza na wimbo mmoja, kila kimoja kutoka kichochoro chake, kwa hiyo mara ya kwanza unausikia ukiwa umevunjika vipande ishirini vinavyofukuzana. Kisha zinakuja taa. Kandili kubwa za turubai, nyingine zimebebwa begani na wanaume wanne, zimechorwa kwa kejeli mambo ya mwaka uliopita, wanasiasa, mabenki, vita. Kila mpiga filimbi ana kinyago usoni na kitaa chake kichwani. Hakuna anayecheka. Hakuna anayepiga makofi. Na mtazamaji havai kinyago. Niliambiwa mapema nije na nguo zangu za kawaida, maana mgeni anayejipaka rangi usoni anaonekana kama mtu aliyeingia arusini na shela.

Hayo ni ya alfajiri tu. Sherehe inakwenda saa 72, mpaka Alhamisi saa kumi alfajiri, na kuna mchana wa vikaratasi vya rangi vinavyomwagwa kwa magunia. Usipokuwa na beji yao ya mwaka kifuani, utamwagiwa mpaka ndani ya kola, na watakaokumwagia ni mijitu yenye mapua makubwa kama mafenesi. Nilinunua beji ya shaba, ya bei ya chini kabisa. Mwaka 2017 UNESCO iliiweka Fasnacht ya Basel kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na watu wa Basel wanakutajia jambo hilo kwa upole wa mtu ambaye hakushangaa.

Saa kumi na nusu tuliingia mkahawani. Chakula cha alfajiri hiyo ni supu ya unga. Unga wa ngano unakaangwa mpaka uwe rangi ya kahawa, unatiwa kitunguu na mchuzi wa nyama, na juu inanyunyizwa jibini. Nilimuuliza mhudumu nyama gani, akaenda kuuliza jikoni akarudi na jibu, ng'ombe. Mambo ya kuchinja sikuyafuatilia zaidi. Nikamwambia aniletee mkate, jibini na chai, na supu nikaionja kijiko kimoja cha mwenzangu ili nisiseme uongo gazetini. Ina ladha ya uji ulioungua kidogo chini ya sufuria, ule ambao watoto hugombania. Nikanywa maji glasi mbili. Kwenye simu yangu alfajiri ya Basel ilikuwa saa kumi na moja na dakika chache. Nje ngoma zinapita. Katika madaku yote niliyokula ughaibuni, mengi peke yangu mbele ya jokofu, hilo ndilo pekee nililoamshwa kwa ngoma kama nyumbani.

Nikiwa pale nilikumbuka jambo la darasani. Johannes Rebmann, mmisionari wa kwanza wa Ulaya kuandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, alisomea kazi yake katika chuo cha wamisionari cha Basel. Mwenzake Ludwig Krapf, yule ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, alipita chuo hichohicho. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona weupe kule juu akamuuliza kiongozi wake wa njia ni kitu gani. Kiongozi hakuwa na jina lake. Akajibu kwamba ni baridi. Mabingwa wa jiografia kule London walimbishia Rebmann kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, lakini mimi ninayempigia saluti ni yule kiongozi. Jina hakuwa nalo, na alijibu sawa. Hata leo Waswahili wengi tunachanganya theluji na barafu bila kujali, na ukweli ni kwamba tukifika huku wote tunarudi kwenye jibu lake. Ile ni baridi. Imeshikika, ndiyo tofauti.

Idi ikapita, nikaenda kuikanyaga.

Waswisi hawangoji theluji iishe. Mjini maua yameshafunguka, watu wanakula aiskrimu ziwani, na Jumamosi saa moja asubuhi kituo kikuu cha treni kimejaa familia zilizobeba mbao za skii begani kama wakulima na majembe. Hiyo ndiyo skii ya majira haya, asubuhi unateleza, alasiri unaota jua. Tulikuwa wawili. Mimi, na dada mmoja wa Bukavu anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kulea, ambaye tulikutana kwenye darasa la Kijerumani na kugundua kwamba sote tulikuwa tunanong'onezana majibu kwa Kiswahili. Ananiita yaya, kama Wakongo wa mashariki wanavyomwita kaka mkubwa, na mwanzoni nilidhani ananiita mlezi wa watoto.

Tulikwenda Engelberg, chini ya mlima Titlis. Unapitia Luzern, kisha unaingia treni ndogo inayopanda bonde mpaka mwisho wake. Jina la mji maana yake ni mlima wa malaika, na kuna monasteri ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 1120, bado ina watawa. Kutoka hapo unapanda gari la waya. Abiria wenzetu walikuwa wanapiga picha vilele. Mimi nilikuwa natazama magurudumu ya kebo juu ya paa. Gari la mwisho kuelekea kituo cha juu, kwenye mita 3,020, ni la duara na linajizungusha polepole likiwa angani ili kila mtu aone pande zote. Lilianza mwaka 1992 na kwa fundi wa lifti ni kama hija. Dada wa Bukavu aliniuliza kama ni salama. Nikamwambia ni salama kuliko lifti ya jengo lenu. Hakufurahi.

Lakini hayo ya juu tulikwenda kutazama tu. Wanafunzi hubaki Trübsee, karibu mita 1,800, penye uwanda wa ziwa lililofunikwa theluji na kilima kidogo kisicho na aibu.

Kuhusu viatu nitasema machache kwa sababu bado nina hasira navyo. Ni plastiki ngumu mpaka nusu ya muundi, vina vifungo vinne vya chuma, na ukishavifunga huwezi kutembea ila kwa mwendo wa mtu aliyevaa ndoo. Mwalimu wetu, kijana aliyekuwa na mistari ya jua usoni, alitupa somo la kwanza kwa neno moja, pizza. Unakutanisha ncha za mbele za mbao, visigino unavitanua, umbo linakuwa kipande cha pizza, unapunguza mwendo. Ukizinyoosha sambamba, unakwenda. Basi. Watoto wa miaka minne walikuwa wanatupita wakiwa na kofia ngumu kubwa kuliko mabega yao, wameshasahau hata kama kuna kitu kinaitwa pizza.

Nilianguka ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na mara moja nikaanguka nikiwa nimesimama, sijui niielezeje. Mbao moja ilifunguka ikateleza yenyewe mpaka chini, vizuri kabisa, kwa mstari ulionyooka, mwalimu akasema tuitazame ilivyofanya. Dada wa Bukavu alikuwa anapiga kelele mtelemko mzima, "Yaya! Hii barafu iko inanitafuta!" Kufikia saa sita mchana alikuwa ananizunguka mimi kwa pizza safi, mikono kiunoni.

Saa sita hapo ndipo theluji inapobadilika, na watu wa huko wanaisoma kama mvuvi anavyosoma maji. Usiku wa Aprili inaganda, kwa hiyo asubuhi ni kioo, ngumu, inapiga kelele chini ya mbao. Jua likipanda, juu panalainika kama sentimita mbili tatu, na saa hiyo hata mzembe anateleza kama bingwa. Ikifika saa nane imekuwa uji. Unazama, miguu inachoka, na kwenye miteremko mikali nje ya njia theluji iliyolowa maji inaweza kuachia na kuporomoka. Wana taasisi nzima Davos kwa ajili ya kazi hiyo ya theluji na maporomoko, inayotoa taarifa ya hatari kwa daraja kuanzia 1 mpaka 5, na watu wanaisikiliza kama sisi tunavyosikiliza habari za bahari chafu. Kwa hiyo wenyewe huamka mapema sana, huteleza, na mchana huwaoni tena kwenye njia. Wamelala kwenye viti vya turubai nje ya mkahawa, macho yamefungwa, wanapigwa jua.

Sisi tuliendelea, na ndipo nilipokosea kibao. Njia zao zina rangi, buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa wenye roho zao. Nilifuata kundi, kundi likaingia nyekundu. Kufika ukingoni nikaona dunia imekatika. Nilivua mbao nikazikumbatia kama mtoto mgonjwa, nikashuka kwa miguu pembeni mwa njia, viatu vya ndoo vikizama mpaka gotini kila hatua. Msichana wa miaka kama saba alisimama, akanitazama kwa huruma, akaniuliza kwa Kijerumani cha Uswisi kama nina mama. Nikamwambia ninaye, yuko mbali.

Mama huyo nilimpelekea picha jioni ileile. Akajibu kwa sauti: "Mwanangu, hiyo chumvi yote ya nini?" Mpwa wangu naye akaandika, mjomba, hilo friji la nani? Nikacheka, halafu nikanyamaza, kwa sababu ada yake ya muhula nilikuwa nimeilipa wiki mbili kabla na najua ni kiasi gani. Tiketi ya siku ya mlima, kukodi mbao na viatu, saa mbili za mwalimu, nauli hata kwa kadi ya nusu bei. Nilipiga hesabu kwenye treni ya kurudi nikaona nimeteleza muhula mzima. Starehe ya mtu aliyeko ughaibuni huwa na mtu wa pili ndani yake anayepiga hesabu. Sijui kama mtu huyo huzoea. Dada wa Bukavu alisema wa kwake alimwacha kituo cha Luzern, lakini yeye ana watu kumi na mmoja wanaomtegemea na nilimwona akifungua kikokotoo.

Jumatatu niliingia kazini nimevimba midomo. Nimekulia kwenye jua la kusini mwa Unguja na sijawahi kupaka kitu usoni, jua kwangu lilikuwa ndugu. Mfamasia alinieleza bila kucheka. Kila mita 1,000 unazopanda, miale inayochoma ngozi inaongezeka kwa takriban asilimia 10, na theluji mpya inairudisha juu mpaka asilimia 80. Maana yake unapigwa kutoka chini. Nilikuwa nimeungua chini ya pua, chini ya kidevu, na kwenye ile sehemu ya kope ambayo hata mama yangu hajapata kuiona. Ngozi ilibanduka wiki nzima. Weusi wangu ulinisaidia kwa mambo mengi, hilo halikuwamo.

Kuna jambo moja la mlimani sikumpigia picha mtu. Kule juu Titlis, kila majira ya joto, sehemu za barafu ya kale hufunikwa kwa vitambaa vyeupe vikubwa ili isiyeyuke haraka. Barafu za Uswisi zilipoteza karibu asilimia 10 ya ujazo wake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023. Ya Kilimanjaro, ile baridi ya kiongozi wa Rebmann, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imekwenda tangu 1912, na haikufunikwa shuka.

Mwaka huo wa 2025 Jumatatu ya moto wa Zürich ilisogea mpaka tarehe 28 Aprili, kwa kuwa Pasaka ilikaa pale ambapo sherehe huwa. Mchana ofisi nyingi za Zürich hufungwa. Jina la siku yenyewe, Sechseläuten, lina maana ya kugonga kengele ya saa sita yao. Zamani kipindi cha baridi mafundi walifunga kazi saa kumi na moja jioni, giza likiingia. Siku zikirefuka, kengele iligongwa saa kumi na mbili, nao walifanya kazi mpaka hapo. Ina maana wanasherehekea kuongezewa saa moja ya kazi. Nimewauliza watu watatu kama hilo haliwashangazi, wote wakanieleza kwa makini faida za mwanga wa jioni.

Wanaoandamana ni vyama vya mafundi vya tangu mwaka 1336, vilivyokuwa na sauti katika kuutawala mji huu mpaka 1798. Waoka mikate, wahunzi, washonaji, mabaharia. Ukweli wa leo ni kwamba ndani ya mavazi ya mwokaji kuna wakili, na ndani ya ya mhunzi kuna mtu wa benki. Ni wanaume, wanawake bado wanapita kama wageni wa wenzao na ugomvi huo haujaisha. Wanatembea kwa saa kadhaa, na wake, mama na marafiki wanachomoka kwenye umati kuwapa maua na kuwabusu, mpaka mzee mzima anatembea kama kapu la sokoni. Waoka mikate wanarusha mikate. Chama cha mabaharia kinarusha samaki, samaki wa kweli, na niliwaona watu waliovaa suti wakiwaruka kwa mayowe. Hapo nikajisikia niko sokoni Darajani.

Saa kumi na mbili kengele ikagonga, moto ukapanda. Wapanda farasi wa kila chama wanazunguka lundo kwa mbio, bendi inarudia wimbo uleule, na watu wote, naapa, watu wote, wanatazama saa. Waliokuwa karibu nami walikuwa wanakumbushana rekodi kama matokeo ya mpira. Mwaka 2003, dakika 5 na sekunde 42, na kweli joto la mwaka ule halikusahaulika Ulaya. Mwaka 2023, dakika 57, muda mrefu kuliko wote, halafu majira ya joto yakawa makali vilevile. Yule wa 2024 aliyezuiwa na upepo alichomwa Juni, huko Heiden, kwa wenyeji wa mkoa uliokuwa mgeni wa sherehe. Aliwahi hata kutekwa: mwaka 2006 wanaharakati wa mrengo wa kushoto walimwiba siku chache kabla, na tangu hapo hutengenezwa wa akiba. Safari hii kichwa kiliruka baada ya dakika 26 na ushei. Watu wakapiga makofi ya wastani. Majira ya wastani.

Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kinachofuata. Askari wakiondoa vizuizi, mji unaingia uwanjani na majembe. Kila mtu anajivutia makaa yake, anakaa kuyazunguka na jirani au asiyemjua, na soseji zinatoka mifukoni, zile fupi nene ambazo huchanjwa msalaba ncha zote mbili ili zifunguke kama ua motoni. Nyingi zina nyama ya nguruwe. Mimi nilikuja na mishkaki. Nyama niliilaza usiku kucha kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, nikaipanga kwenye vijiti virefu vya chuma nilivyojitengenezea karakana, na ukwaju niliutia kwenye chupa ya jemu.

Mzee mwenye koleo, wa miaka sabini na kitu, alinisogezea makaa bila kuombwa. Alitazama vijiti vyangu kwa heshima ya fundi. Harufu ilipoanza kutoka, tukawa na wageni sita. Akaniuliza kama kwetu nako tunaichoma baridi. Nikamwambia kwetu baridi haipo ya kuchoma, lakini mwezi wa Julai, Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa vikonyo vya migomba kumaliza ugomvi wa mwaka, kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto.

"Kinachukua dakika ngapi?" akauliza.

Nikafikiri. Nimeona kibanda hicho kikiwaka tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mabegani. Nikamwambia hakuna aliyewahi kuhesabu. Aligeuka akamtazama mkewe, kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna nchi isiyo na posta.

Nilikuwa nimeshampelekea mama video ya kichwa kikilipuka, na dakika 26 zake. Simu ikalia nikiwa nageuza mshikaki, ujumbe wa sauti, nikauweka wazi kila mtu asikie. "Dakika za nini tena? Moshi je, ulielekea wapi?" Maana kwao ndivyo mganga anavyousoma mwaka, kwa moshi wa kile kibanda. Nilimtafsiria mzee. Akainuka na koleo lake, akatazama juu ya paa za nyumba, juu ya jumba la opera, akalowesha kidole akakiinua.

"Ziwani," akasema. Mkewe akasema hapana, mlimani. Wakabishana kwa Kijerumani chao nisichokiweza, na mimi nikawagawia ukwaju.